Mbwa Hana Kosa, Mwenye Mbwa Ndiye wa Kuulizwa

Njia ni mali ya watu wote. Apita mwenye gari na apita mwenda kwa miguu. Apita mzee na mkongojo wake, na mtoto aendaye chuoni na juzuu yake kifuani. Kila mmoja wao ana haki ya kufika aendako akiwa salama, yeye na nguo zake. Jambo hili si adabu ya mjini tu, bali ni katika dini. Wamepokea Bukhari na Muslim kwamba Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) aliwakataza masahaba zake kukaa kando ya njia. Walipomwambia kuwa hawana budi na vikao vyao hivyo, aliwaambia basi waipe njia haki yake. Wakauliza haki ya njia ni nini, naye akawatajia: kuinamisha macho, kuzuia udhia, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza mabaya.

Katika haki hizo nataka leo tuitazame moja, nayo ni kuzuia udhia. Na katika udhia nataka tuutazame mmoja, nao ni huu wa mbwa wanaoachwa mabarabarani, vichochoroni na pwani bila ya kamba, bila ya mtu wa kuwaangalia, na mara nyingi bila ya chanjo. Lawama yangu haimwendei mbwa. Mbwa ni kiumbe cha Mwenyezi Mungu, hakukalifishwa sheria wala haandikiwi dhambi. Lawama inamwendea binadamu mwenye akili, aliyemfuga kwa hiari yake, kisha akawaachia watu wengine wajikinge naye.

WENYE MBWA WA NAMNA TATU

Ukiitazama miji yetu ya pwani, tangu Lamu, Malindi na Mombasa mpaka Tanga, Unguja na Dar es Salaam, utawaona wenye mbwa wanaolaumika kuwa ni wa namna tatu.

Wa kwanza ni yule ampelekaye mbwa wake ufukweni au uwanjani kumnyoosha miguu, na akifika huko humfungua akamwacha atimke mbio. Mbwa mwenyewe pengine ni mkubwa kama ndama. Huwakimbilia watoto wanaocheza mchangani, huwanusa akina mama waliokaa juu ya mikeka yao, akatia pua yake katika chakula cha watu. Mama akipiga kelele, mwenye mbwa hucheka kwa mbali akasema, "Usiogope, huyu haumi!"

Wa pili ni Mwislamu mwenzetu. Amejenga nyumba, amezungusha ukuta, na kwa kuogopa wezi ameweka mbwa wakali wawili watatu. Mpaka hapa hatuna neno naye. Lakini alfajiri korokoroni wake hufungua mlango, mbwa wakatoka nje kupunga upepo, saa ile ile watokapo wazee wetu kwenda kusali. Mzee aliyetia udhu kwake na kuvaa kanzu yake safi hujikuta amezungukwa kizani, hana silaha ila mkongojo. Wako waliokatikiwa na sala ya jamaa ya alfajiri kwa sababu hii tu. Na mwenye mbwa yuko wapi? Yu kitandani amelala, au yu msikitini katika safu ya kwanza, kwani yeye amekuja kwa gari.

Wa tatu ni yule aliyechoka. Alimtaka mbwa alipokuwa mdogo, mwenye kupendeza. Mbwa akakua, akala sana, akazaa. Na wale watoto wakatiwa katika gunia wakaenda kutupwa jaani, au nyuma ya soko, au katika mtaa wa mbali ambako bwana huyo hajulikani. Waliosalimika hukua kwa makombo na mateke. Nasi huwaita mbwa koko, kana kwamba wameota wenyewe kama magugu. Ukifuatilia utaona kuwa wengi katika hao tuwaitao koko wana nyumba zao, huzurura mchana na kurudi usiku kula. Na wale wasio na nyumba, basi wao au mama zao walitupwa na mtu.

"HUYU HAUMI"

Hebu tulitazame neno hili, maana ndilo ngao ya wengi. Mwenye mbwa amejuaje kuwa mbwa wake haumi? Amejua kwa kuwa hajamuuma yeye, ambaye humlisha kwa mkono wake kila siku. Mbwa hamjui mtoto wa jirani, wala hajui kwa nini mtoto yule anakimbia na kupiga mayowe. Kila mbwa aliyewahi kuuma, siku moja kabla yake alikuwa ni mbwa asiyeuma. Na wahenga wetu walisema kuwa mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Yaani ukitaka kumjua mbwa, mtazame bwana wake: mwenye kudharau watu, mbwa wake naye hufuata njia hiyo.

Tena udhia si meno peke yake. Kutisha nako ni udhia. Amepokea Abu Daud kwamba masahaba walikuwa safarini na Mtume (s.a.w.), mmoja wao akalala, na baadhi ya wenzake wakamchukulia kamba yake kwa mzaha. Mwenyewe akashituka kwa hofu, na Mtume (s.a.w.) akawaambia kuwa si halali Mwislamu kumtisha Mwislamu mwenziwe. Hiyo ilikuwa ni kamba tu. Je, yule anayemrushia mama mja mzito mbwa mwenye kunguruma, kisha akacheka?

Na liko jambo la tohara. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya wengi wetu pwani, mate ya mbwa na unyevunyevu wake ni najisi nzito. Nguo iliyorambwa yapasa ioshwe mara saba, na moja katika hizo kwa maji yaliyochanganywa na mchanga. Tunajua kuwa wenzetu wa madhehebu ya Imam Malik wanasema mbwa aliye hai si najisi, na kauli yao tunaiheshimu. Lakini mtu wa Kishafi aliye njiani kwenda msikitini, akarambwa kanzu yake, amerudishwa nyumbani na uzembe wa mtu mwingine. Jirani asiye Mwislamu pengine hajui haya kabisa. Hatumlazimishi tohara yetu. Twamweleza kwa upole, na wengi wao wakielezwa husikia. Lakini Mwislamu mwenziwe atasema nini?

SHERIA YASEMAJE

Wako wanaodhani kuwa mnyama akidhuru, basi ni bahati mbaya, hapana wa kuulizwa. Na wako wajuao hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba jeraha la mnyama halina fidia, wakaishika hiyo hiyo. Wanavyuoni wameieleza: hiyo ni pale ambapo mwenye mnyama hakufanya uzembe. Ama akizembea, hukumu ni nyengine.

Soma Surat Al-Anbiyaa, aya ya 78 na ya 79, utazame kisa cha Nabii Daud na mwanawe Nabii Sulaiman (a.s.). Kondoo wa watu waliingia usiku katika shamba la mtu mwingine wakalila. Wafasiri wameeleza kuwa Daud aliona mwenye shamba apewe kondoo wale. Sulaiman akaona lililo jema zaidi: mwenye shamba awachukue kondoo anufaike na maziwa na sufi yao, na mwenye kondoo alishughulikie shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa, kisha kila mmoja achukue mali yake. Hukumu zilikhitalifiana, lakini katika jambo moja zilikutana: hapana hata mmoja aliyesema, "Hawa ni wanyama tu, hawana akili." Wote wawili walimshika mwenye kondoo.

Na katika Muwatta wa Imam Malik na katika Abu Daud imo habari ya ngamia wa Al-Baraa bin Azib (r.a.), aliyeingia katika bustani ya watu akaiharibu. Mtume (s.a.w.) alihukumu kuwa wenye mabustani wayalinde mchana, na wenye wanyama wawazuie wanyama wao usiku, na kinachoharibiwa usiku kiwe ni dhamana juu yao. Basi yule awafungiaye mbwa mchana akawafungulia mlango usiku, ameipindua hukumu hiyo juu chini.

Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, yaani 1277, amelisogeza jambo hili mpaka mlangoni petu. Katika Minhaj, kitabu kisomeshwacho pwani kwetu tangu zamani, amesema kuhusu paka: paka akila ndege wa mtu au chakula cha mtu, naye amezoeleka kwa tabia hiyo, basi kwa kauli iliyo sahihi zaidi mwenyewe atadhamini, ikiwa ni usiku au ni mchana. Hilo ni paka na kuku wa jirani. Itakuwaje kwa mbwa ajulikanaye mtaa mzima kwa ukali wake, na mguu wa mtoto wa jirani?

Kwa hukumu hizi, mwenye mbwa aliyemwacha mbwa wake mkali akazurura, akamuuma mtu, asijione amefanya hisani akitoa nauli ya kumfikisha majeruhi hospitali. Gharama ya matibabu yote, na ya siku za kazi zilizopotea, yampasa aione kuwa ni deni juu yake. Na deni, ndugu yangu, hata shahidi hasamehewi.

UISLAMU NA MBWA

Asije mtu akayachukua maneno haya akadhani kuwa Uislamu umeamrisha kumchukia mbwa. Wengi wetu twajua hadithi moja tu, ile ya kuwa malaika hawaingii nyumba yenye mbwa, nayo ni sahihi. Lakini ziko nyengine. Mtume (s.a.w.) alieleza kuwa mwenye kufuga mbwa bila ya haja hupungukiwa katika thawabu zake kila siku, akawatoa katika hukumu hiyo mbwa wa kuwinda, wa kuchunga wanyama na wa kulinda shamba. Na Imam Nawawi, alipoisherehesha Sahihi Muslim, amesema kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa yafaa vile vile kumweka mbwa kwa kulinda nyumba, kwa kukisia juu ya hao watatu. Ndiyo maana nikasema hatuna neno na mwenye kuweka mbwa wa ulinzi. Neno letu ni kwamba mbwa wa ulinzi kazi yake iko ndani ya ukuta. Akishatoka barabarani hamlindi mtu, bali watu ndio wanaojilinda naye.

Na kumfunga si kumtesa. Yule mwanamke aliyemfunga paka, asimlishe wala asimwache ajitafutie, aliingia Motoni kwa ajili yake. Na yule mtu aliyemwona mbwa akilamba udongo kwa kiu, akateremka kisimani akajaza maji katika kiatu chake akamnywesha, alisamehewa na Mola wake. Basi mfunge mbwa wako, lakini kamba iwe na urefu, awe na kivuli, maji na chakula. Na ukitoka naye, toka nawe umeshika kamba mkononi. Amepokea Tirmidhi kuwa mtu mmoja alimuuliza Mtume (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake au amwache amtegemee Mwenyezi Mungu, akaambiwa amfunge, kisha ategemee. Ikiwa ngamia mla majani hufungwa, mwenye meno ya kukamatia nyama aachwe kwa hoja gani?

KICHAA CHA MBWA

Ndugu Msomaji, mpaka sasa tumezungumza juu ya hofu, nguo na majeraha. Liko lililo kubwa kuliko hayo, nalo ni roho za watu.

Kichaa cha mbwa ni maradhi yaletwayo na virusi vilivyomo katika mate ya mnyama mgonjwa. Huingia kwa jeraha, vikafuata mishipa ya fahamu polepole mpaka kwenye ubongo. Mara nyingi hupita miezi miwili au mitatu tangu kuumwa mpaka kuugua, na pengine siku chache tu au hata mwaka mzima. Zikishatokea dalili zake, kama vile kuogopa maji, kuweweseka na kupooza, hapana dawa. Karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani limekisia kuwa watu wapatao 59,000 hufa kwa maradhi haya kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Katika kila wagonjwa 100, 99 wameyapata kwa mbwa. Na katika kila 10 wanaokufa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Kwani mtoto ni mfupi, mbwa humfikia uso na kichwa, na kutoka hapo mpaka kwenye ubongo si mbali.

Ajabu ni kwamba maradhi haya mabaya ni mepesi kuzuilika. Tangu mwaka 1885, Louis Pasteur alipomchanja huko Paris mtoto aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, naye akapona, watu wamejua kuwa aliyeumwa akiwahiwa huokoka. Na mbwa akichanjwa kila mwaka hayachukui maradhi yenyewe. Wataalamu wamesema wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, maradhi hukatika mahali hapo.

Tazama kisiwa cha Pemba. Takriban watu wake wote ni Waislamu, na wafugao mbwa ni wachache. Mtu angedhani kuwa kichaa cha mbwa hakiwahusu. Lakini kiliwahusu, na kiliua. Mbwa wakachanjwa kisiwani kote, maradhi yakakatika. Kisha chanjo ikalegea, na mwaka 2016 maradhi yakaingia tena kutoka nje ya kisiwa. Wakarudi wakachanja kwa bidii, yakakatika tena mwaka 2018. Hapo pana mafunzo mawili: kwamba jambo hili lawezekana, na kwamba usingizi wa mwaka mmoja hubomoa kazi ya miaka.

Basi mtu akiumwa au akiparuliwa na mbwa, afanye haya. Aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, muda wa dakika 15 kamili. Asitie pilipili, wala mafuta, wala majivu, wala dawa ya kienyeji. Kisha aende hospitali siku ile ile, hata jeraha likiwa dogo, apigwe sindano zake zote kwa siku alizopangiwa, asiache njiani kwa kuona amepona. Na nasema haya nikiwa mwalimu wa chuo: kombe ni baraka na dua ni ibada, lakini anayemnywesha mwanawe kombe akamnyima sindano hakumtegemea Mwenyezi Mungu, bali amemwacha ngamia bila ya kamba.

LAWAMA KWETU SOTE

Itakuwa si insafu tukiwalaumu wenye mbwa tukajisahau sisi tusiofuga. Nani amewafundisha watoto wetu kuwa kila mbwa apitaye ni shabaha ya mawe? Mbwa aliyepigwa jana ndiye aumaye leo, na anayeumwa si yule aliyepiga. Nani atupaye vichwa vya samaki na makombo ya biriani nyuma ya nyumba usiku, kisha asubuhi akashangaa mbwa wametoka wapi? Na inapotangazwa kuwa madaktari wa mifugo watakuja mtaani kuchanja, nani husema, "Mbwa ni najisi, hayanihusu"? Najisi huondoka kwa maji na mchanga. Roho ikishaondoka hairudi.

Iwapo yuko mwenye mbwa mkali mtaani, wazee waende kwake, wawili au watatu, mchana, kwa salamu na maneno mazuri. Wamwambie, "Bwana, mbwa wako wanatutaabisha alfajiri, tunakuomba mlango ufungwe mpaka jua litoke." Akisikia, wamshukuru. Asiposikia, kumfikishia mkuu wa mtaa na afisa wa mifugo si uchongezi, ni kuondoa madhara. Lakini sumu na mawe si njia. Sumu haichagui, na mtoto huokota kila kitu.

Na wewe mwenye mbwa, jiulize maswali manne kabla ya kulala. Mbwa wangu amechanjwa mwaka huu? Mlango umefungwa? Ameshiba? Je, jirani yangu akipita mbele ya nyumba yangu alfajiri, hupita na amani au hupita akisoma dua ya hofu? Mtume (s.a.w.) aliapa mara tatu kuwa hana imani yule ambaye jirani yake hasalimiki na shari zake. Hakusema shari za ulimi tu, wala shari za mkono tu. Na shari uliyoifuga, ukailisha na kuipa jina, ni yako.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaoondoa udhia njiani, si miongoni mwa wanaoufungulia mlango. Awahifadhi watoto wetu na wazee wetu waendapo na warudipo. Na atupe huruma juu ya kila kiumbe chake. Amin.